Nyuki wa mezani si nyuki wa kwao

Kaskazi ikishashika, kuanzia Disemba ivi mpaka mvua za masika zianze kunusa, suala nnaloulizwa na wateja kuliko hata bei ya juisi ni hili: wewe huumwi? Mie na bwana wangu tuna mashine ya miwa hapa Chake, njia ya kushukia sokoni, na mtu alowahi kununua juisi ya miwa popote Zanzibar, iwe Forodhani iwe Darajani iwe huku kwetu Pemba, anajua nazungumzia nini, nyuki wamejaa kwenye mashine, wamejaa kwenye ndoo, kwenye makapi, kwenye ndimu zilokatwa, na muuzaji anapitisha mkono katikati yao hana habari. Wageni wanadhani tuna dawa. Kuna bibi mmoja kanambia usoni kuwa tumesomewa. Hakuna dawa wala kisomo jamani.

Kitu chenyewe ni kuwa nyuki alokuja kula ni mwengine na nyuki alieko kwao ni mwengine, ijapokuwa mdudu ni huyo huyo mmoja. Yule wa kwenye mashine ni kama mtu aloshuka sokoni, ana haraka yake, anatafuta chake arudi, ugomvi hana habari nao. Pale hapana watoto wake, hapana asali yake, hapana malkia wake, sa akuume kwa lipi? Na ukizingatia kuwa nyuki wa asali akikuuma anakufa, mana mwiba wake una vijino vilogeukia nyuma, ukishaingia kwenye ngozi ya mtu hautoki tena, unabaki na kifuko cha sumu na kipande cha tumbo lake, yeye anakwenda anajifia zake. Mdudu mwenye silaha ya kutumia mara moja tu maishani haitumii ovyo. Nyigu mambo yake tofauti kidogo, mwiba wake haunasi kwenye ngozi, anachoma anachomoa anachoma tena, lakini hata yeye umkute anakula embe lilopasuka chini ya mti, ukimpita kwa adabu hakufanyi kitu.

Na tusidanganyane, nyuki wetu hawa si wapole. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, akitaka apate nyuki wa kutoa asali nyingi kwenye nchi ya joto, mwaka ulofuata makundi yakatoroka, wakachanganyika na nyuki wa Kizungu walokuwepo kule, wakasambaa sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini wakapanda juu mpaka 1990 wakaingia Texas, na Wamarekani wakawapa jina nyuki wauaji. Sasa hao wauaji ni jamaa wa hawa hawa wanaotembea kwenye ukingo wa gilasi yako hapa kwangu wewe ukipiga soga. Kwa hivo suala si nyuki mpole au mkali, suala umemkuta wapi na anafanya nini.

Wateja walowahi kuumwa pale kwetu, karibu wote ni kwa kubanwa. Mtu ananyanyua gilasi bila ya kuangalia anambana nyuki kwa kidole. Mwengine nyuki keshaingia kwenye mkono wa buibui, yeye anakunja mkono, bas. Au anakaa kwenye ukuta alipo nyuki mlevi wa sukari, hata kuruka hawezi. Wapo na wale wa kupiga makofi hewani, hawa ndo wananitia presha hasa, mana ukimpiga nyuki ukamsaga anatoa harufu, na ile harufu ndo mwito wa wenzake kuwa hapa pana adui. Harufu yenyewe inakaribia sana ndizi mbivu, si maneno ya kutunga, ndani ya harufu ya nyuki mwenye hasira kuna kitu kile kile kinachoifanya ndizi inukie. Kuna mzee wa mizinga upande wa Micheweni tunachukua asali kwake, yeye siku ya kwenda kwenye mizinga hali ndizi kabisa wala hajipaki mafuta mazuri, na mtu wa kumsaidia akija ananukia anamrudisha nyumbani akaoge kwanza.

Nyuki akikutua mkononi basi muache. Najua ni rahisi kusema. Muache atembee, ataona hapana kitu ataondoka, na kama huwezi kuvumilia mpanguse taratibu kwa kipande cha karatasi. Usimpulizie kwa mdomo. Watoto wetu wote wana tabia hii, phuu phuu, na pumzi ya mtu ndo inayomchafua, mana nyuki maadui zake wa asili ni wanyama wenye kuja kumuibia asali na wanyama hao wanapumua, wana manyoya, wana rangi ya kiza. Ndo mana wakikasirika wanakimbilia usoni na kichwani na kwenye nguo nyeusi. Mwanamme wa kanzu nyeupe na kofia ana nafuu yake kuliko sisi wa mabuibui meusi, lakini ndo mavazi yetu, mie nikienda shamba kwenye mizinga navaa dira jeupe na mtandio mweupe na hapo kwenye mashine najifunga kanga ya rangi nyepesi, mikono nimeifunga kwa mpira.

Kwa upande wa biashara tumejipangia utaratibu wetu. Makapi hayakai, yanaingia kwenye polo, linafungwa mdomo, likijaa linaondoka kwa mkokoteni wa ng'ombe hulichukua mtu wa kulisha ng'ombe wake. Mashine inamwagiwa maji kila tukipata nafasi. Halafu nyuma ya ukuta wa jirani, mbali na wateja, tunaweka sinia la makapi mabichi asubuhi na mapema kabla nyuki hawajachangamka, wakianza kuja wanaliona lile kwanza wanazoea kule. Bwana wangu anasema nawaita wengine zaidi, labda kweli, lakini wanakwenda kule na si kwenye mdomo wa mteja. Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, watu wanakuja baada ya alasiri wote kwa wakati mmoja na chupa zao, msongamano, kila mtu anataka awahi, na ndo wakati nyuki nao bado wamo kazini, kwa hivo mwezi huo tunaweka mtu mmoja kazi yake kufunika tu. Anafunika jagi, anafunika ndoo, anaweka vifuniko kwenye chupa. Adhana ya magharibi ikisikika nyuki nao wanakuwa washarudi kwao, shida imekwisha.

Kinywaji cha kukitilia mashaka zaidi kwangu ni soda ya kopo. Gilasi unaiona ndani, kopo huoni. Mtoto anakunywa nusu, analiweka chini, anakwenda kucheza, nyigu au nyuki anaingia, mtoto anarudi na kiu yake. Kuumwa kwenye ulimi au kooni ni kitu chengine kabisa na kuumwa mkononi, mana koo likivimba njia ya pumzi inaziba. Akiumwa humo mtie barafu anyonye kama ana akili ya kunyonya, na muda huo huo gari itafutwe, usisubiri uone itakuwaje. Mie wanangu soda nawamiminia kwenye gilasi, wakinuna wanune.

Kitu chengine cha kaskazi ni maji. Watu wanalalamika nyuki wamejaa kwenye bomba la udhu msikitini, kwenye beseni la kufulia, kwenye paipu inayovuja, wanadhani kuna mzinga karibu. Wana kiu tu. Mzinga kwenye joto unahitaji maji wajipoze, na vyanzo vya shamba Januari na Februari vimekauka. Wakishajua sehemu yenye maji wanairudia kila siku, kuwahamisha kazi kweli, kwa hivo dawa ni kuwahi, rekebisha linalovuja na uweke chombo chako kipana chenye mawe na vijiti vya kusimamia wasizame, mbali na wanapotia udhu watu, na kisikauke, kikikauka siku mbili tu wanarudi kwenye bomba.

Hayo ni ya mezani. Sasa nije kwa nyuki na manyigu walioko kwao, huku ndo kwenye khatari yenyewe.

Mie kwetu Mtambwe, nimekulia kwenye mikarafuu. Mkarafuu mkubwa unapita mita kumi, wanaume wanapanda juu na kamba na upembo wa kuvutia matawi, sisi wanawake na watoto tunachuma ya chini na kuokota zilodondoka. Na manyigu yanaipenda mikarafuu, yanajenga viota vyao vile vya vitundu vitundu vinavyoning'inia chini ya tawi, rangi yake ya kijivu kijivu, majani yamefunika, huvioni mpaka ushavigusa. Nyuki nao wakipata pango kwenye shina zee wanaingia. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, wapo pia ila hao tumewazoea, wanatafuna, mtu anajikung'uta anatukana kidogo anaendelea na kazi.

Kaka yangu ni mchumaji wa siku nyingi na hapandi mti kabla hajauzunguka. Anazunguka pole pole, anasimama upande ambao jua liko mbele yake, halafu hafanyi kitu, anaangalia tu. Vijana wanamcheka kuwa mzee anavuta muda asipande, lakini anachoangalia ni njia. Mdudu anaekula anaranda randa hapa na pale, mdudu anaerudi kwao anapita njia moja, anaingia, mwengine anatoka, anaingia mwengine, hapo hapo. Ukiona njia hiyo jua kuna nyumba, na mti huo unaachwa mpaka jambo lake limalizwe. Hii ya kuangalia njia ndo elimu kubwa kuliko zote nlopata kwenye mambo ya wadudu hawa, naitumia mpaka leo kwenye kila kitu, kwenye shimo la ukuta, kwenye tundu la mnazi ulokatika, kwenye mita ya umeme, kwenye gari bovu lilokaa uwanjani muda, kwenye tangi tupu la maji. Kabla hujatia mkono simama uangalie kama kuna njia.

Msimu mmoja kijana wa jirani alivuta tawi kwa upembo, kiota kikamjia karibu na uso. Yeye akaachia mikono yote miwili apige manyigu. Aliumwa mara chache tu, kilichomfanya alale hospitali ni mkono ulovunjika kwa kuanguka. Kaka anawaambia wapya wake siku ya kwanza kabla hata ya kuwaonesha karafuu ipi ya kuchuma, kwamba juu ya mti mkono mmoja ni wa mti siku zote, ukivamiwa inamisha uso kwenye kwapa yako, shuka, umia ukishuka, chini utajikuna. Nyigu hafuati mbali, ukitoka kwenye mti ukaenda zako hatua kadhaa anakuacha. Nyuki ndo wa kuogopwa kwa kufuata.

Nyumbani nako wapo. Nyumba zetu za makuti, upenuni, kwenye nondo za dirisha ambalo halifunguliwi, nyuma ya mlango wa choo cha uani. Kiota cha nyigu kinaanza na jike mmoja na vitundu vichache, ukipita na fagio refu la buibui kila wiki unakiangusha hapo mwanzo ambapo hakuna wa kukilinda, unamaliza kazi kwa dakika moja. Ukikiacha mpaka kikawa ukubwa wa kisahani wako wengi, na hapo si kazi ya fagio. Wapo pia wale weusi wembamba wa kujenga kwa udongo ukutani, kila nyumba ya Pemba ina vibonge vyao, hao mie nawaacha kabisa, kila mmoja anaishi peke yake hana jeshi la kumuitikia, na ukivunja kibonge chake ndani unakuta buibui walopigwa ganzi, chakula cha mtoto wake. Anakusaidia kazi halafu unamtafutia ugomvi.

Nyuki wakishaingia darini au ukutani wewe usijifanye fundi. Watu wa mizinga wapo kila mkoa, na watu wa misitu ukiwafikia wanakuelekeza, wanakuja usiku au jioni na moshi na nguo zao, wanawatoa na pengine wanawahamishia kwenye mzinga wakaishi. Moshi kazi yake ni mbili, unafunika ile harufu ya mwito wasisikilizane, na unawafanya wadhani kuna moto wakimbilie kujaza matumbo asali, nyuki alieshiba ni mzito wa kugombana. Kinachonikera ni hawa wa mienge na petroli. Unawasha kuti kavu kuwatoa nyuki kwenye nyumba ya makuti, kwenye kaskazi, upepo unavuma, yani hapo umeacha kuogopa nyuki ukawa unataka kuchoma mtaa. Na mashamba mangapi yameshika moto kwa warina asali wa usiku walokimbia na kuacha mwenge chini.

Halafu kuna lile kundi linaloning'inia. Unaamka asubuhi unakuta kwenye tawi la mwembe kuna mkungu mzima wa nyuki, maelfu, watu wanapiga kelele. Hao wamehama, hawana nyumba wala asali wala watoto wa kulinda kwa wakati huo, matumbo yamejaa, wanasubiri wapelelezi wao wapate pa kwenda, na mara nyingi baada ya masaa au siku moja mbili wanaondoka wenyewe. Ni katika hali zao za upole kabisa, mpaka mtoto apate jiwe. Skuli moja huku kwetu, wakati wa maembe, watoto walikuwa wanatupa mawe kuangua embe na lilipotua jiwe halikutua kwenye embe. Mwalimu wa zamu mashaallah alikuwa na akili, hakupiga kengele ya kuwakusanya uwanjani, aliwapigia kelele waingie madarasani, milango na madirisha yafungwe, wale walojifunika nyuso kwa mitandio na mashati wakaingia na nyuki wachache wakawaua humo ndani, uwanja ukabaki mtupu mpaka wakatulia. Waloumwa sana ni wale walojibanza nyuma ya miti na alokimbilia kwenye tangi la maji.

Mana hili la maji nalisikia kila siku, ukifukuzwa na nyuki jitose. Usijitose. Wanakaa juu wanakusubiri na wewe ukitoa kichwa kuvuta pumzi ndo kichwa hicho hicho wanakitaka. Kimbia, na kimbia kweli, kwa mstari, funika uso ila uone unakokwenda, usisimame kupigana nao, ingia nyumba yoyote au gari yoyote ufunge. Hata wakiingia nawe kumi ndani, kumi si kitu mbele ya walobaki nje. Wanaweza kukufuata mamia ya mita, usihesabu hatua ishirini ukadhani umepona. Na kama umefunga mbuzi au ng'ombe karibu na mzinga, yule hana pa kukimbilia, kamba imemshika, mzee wa Micheweni kashapoteza mbuzi wa jirani hivo na ugomvi ulikuwa mkubwa, siku hizi mtu akitaka kumfungia mnyama karibu na mizinga yake anamfukuza yeye kabla nyuki hawajamfukuza. Vile vile mashine za kukatia majani. Mtikisiko na mngurumo wa injini unawaudhi nyuki vibaya, kabla ya kuwasha zunguka kwanza uangalie njia, mie nishasema.

Sasa ukishaumwa. Kwanza ondoka pale, mwiba utautolea mbele ya safari, lakini usikae nao. Kile kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma hata nyuki hayupo, kwa hivo unaparua kwa ukucha, kwa kadi, kwa ncha ya ufunguo, chochote kilicho karibu, watu wanabishana uparue au uvute na huku sumu inaingia, ubora wa njia haufikii ubora wa haraka. Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, vua pete na bangili mapema, mana kidole kikishavimba pete inakuwa kesi nyengine. Kitunguu, chokaa, dawa ya meno, mafuta ya taa, kila nyumba ina yake, mie kitunguu sina ugomvi nacho hakimdhuru mtu, mafuta ya taa kwenye ngozi ya mtoto ndo sikubali. Vidonge vya kuzuia muwasho vinasaidia. Uvimbe siku ya pili kuwa mkubwa kuliko ya kwanza ni kawaida, watu wanaogopa hapo bure.

Pa kuogopa ni pengine. Shangazi yangu aliumwa na nyuki mmoja tu karibu na sikio akiwa anaanika karafuu kwenye jamvi, na alishawahi kuumwa huko nyuma mara nyingi bila ya tatizo. Safari hii viganja vikaanza kumuwasha, mwili ukatoka mabaka, sauti ikabadilika, akasema kifua kinabana halafu akaanza kuona kiza. Walokuwepo wakataka kumpa maziwa. Bahati gari ya karafuu ilikuwa ipo pale, wakampakia kalala, hospitali wakamchoma sindano ya adrenalini kwenye paja na baada ya muda si mrefu akawa anaongea. Daktari aliwaambia kuwa mwili unaweza kuwakubali nyuki miaka na miaka halafu siku moja ukawakataa, na ukiona dalili haziko pale alipoumwa bali ziko kwengine, ngozi ya mwili mzima, pumzi, sauti, kutapika, kizunguzungu, hapo ni hospitali moja kwa moja na mtu alazwe chali miguu juu kidogo, asitembezwe, ila akishindwa kupumua akilala mkalisheni. Vidonge vya muwasho havitoshi hapo. Na mtu aloumwa na nyuki wengi kwa pamoja, hata akisema mie mzima, apelekwe, sumu nyingi inashambulia figo na misuli polepole. Mtoto mdogo na mzee zaidi.

Mabaki madogo madogo nayasema kwa haraka. Nguo ilokaa kwenye kamba ikung'ute kabla hujaivaa, hasa suruali za watoto. Maembe yalodondoka yaokotwe asubuhi, mtoto pekupeku chini ya mwembe Januari ni kutafuta kilio. Taka za vyakula vitamu zifunikwe, na wauza halua na tende wanajua wenyewe wavu wao.

Na nyinyi wa bodaboda. Nyuki akiingia kwenye helmeti mkiwa mwendo, hakuja kukuuma, upepo umemtupa humo. Kuna jamaa aliachia usukani kwa nyuki mmoja na abiria nyuma. Punguza mwendo, toa ishara kwa taa, ingia pembeni, simama, vua, mtoe. Atakuuma? Pengine atakuuma. Simama kwanza. Na wale mnaoacha helmeti imening'inia kwenye kioo mchana kutwa hapo kwangu huku mnakunywa miwa, geuzeni muangalie ndani kabla ya kuvaa, nishachoka kupiga kelele.